Curie: nyambizi ya Kifaransa iliyopigana chini ya bendera mbili

Swali la leo limetoka kwa msomaji wa Tanga anayefanya kazi bandarini. Anaandika: "Nilibishana na mwenzangu. Anasema katika Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa na nyambizi ya Wafaransa ambayo nahodha wake aliisalimisha kwa adui, adui akaitumia kuzamisha meli za Wafaransa na rafiki zao, kisha vita ilipokwisha Wafaransa wakairudisha kazini kama vile hapakutokea kitu. Tena anadai ni nyambizi pekee duniani yenye historia hiyo, na kwamba nahodha wake wa upande wa adui ni yule baba wa familia ya waimbaji. Mimi nikaona ni hadithi ya kijiweni. Je, ipo kweli? Na kama ipo, inakuwaje chombo kile kile kishindwe mikononi mwa wenyewe, kisha kifaulu mikononi mwa adui?"

Ndugu yangu, mpe mwenzako mkono, maana kwa sehemu kubwa amekushinda. Nyambizi hiyo ilikuwapo. Iliitwa Curie, na namba yake katika jeshi la majini la Ufaransa ilikuwa Q87. Ilizamishwa, ikaopolewa na Waaustria, ikapewa jina la U-14, ikazamisha meli 11, kisha mwaka 1919 ikarudi Ufaransa na kupewa tena jina lake la zamani. Ila mwenzako ameteleza mahali patatu. Nahodha hakuisalimisha. Katika zile meli 11 hapana hata moja iliyokuwa ya Kifaransa: zilikuwa za Waingereza, za Wagiriki na za Waitalia. Na madai ya kwamba ni pekee duniani hayasimami, nitakueleza mbele. Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito kuliko ubishi wenu wote, na jibu lake linaanzia kwenye chombo chenyewe.

Ufaransa ilitangulia sana katika mambo ya nyambizi. Gymnote, iliyoshushwa majini Toulon mwaka 1888, ilitembea kwa betri peke yake. Mwaka 1899 ikaja Narval ya mhandisi Maxime Laubeuf, na hiyo ndiyo iliyoweka umbo lililofuatwa kwa miaka mingi: bodi mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati yake matangi ya maji ya kuzamia. Juu ya maji chombo kinakwenda kwa injini, na injini hiyo hiyo inachaji betri. Chini ya maji kinakwenda kwa betri. Curie ni wa ukoo huo. Ilijengwa Toulon na kushushwa majini Julai 1912, moja kati ya nyambizi 16 za aina ya Brumaire. Jina ni la Pierre Curie, mwanafizikia aliyeuawa na gari la farasi Paris mwaka 1906, wala si la mkewe Marie kama wengi wanavyodhani. (Kuna jambo hapa ambalo kila nikilikumbuka nashindwa kulinyamazia. Mwaka 1880 Pierre na kaka yake Jacques waligundua kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Wakati wa vita, Paul Langevin, aliyekuwa mwanafunzi wa Pierre, alitumia fuwele hizo kupeleka sauti majini ili kuzisaka nyambizi zilizojificha.)

Curie ilikuwa na urefu wa mita 52 na uzito wa tani 397 ikiwa juu ya maji, 551 ikiwa chini. Mabaharia wake hawakufika 30. Kwa dizeli ilikwenda noti 13, yaani maili za baharini 13 kwa saa. Kwa betri haikufika 9, na hizo ni za muda mfupi tu. Ikitambaa kwa noti 5 chini ya maji iliweza kwenda maili za baharini 84 hivi, basi, betri zimekwisha. Juu ya maji, kwa mwendo wa noti 10, mafuta yake yalitosha maili 1,700 kwenda na kurudi. Ilibeba topido 8, ila bomba la kufyatulia lilikuwa moja tu, omoni, yaani mbele. Nyingi za nyingine zilifungwa nje ya bodi, baadhi yake kwenye vishikio vya mtindo wa Drzewiecki, mhandisi wa Kipolandi. Wafaransa waliupenda mtindo huo kwa sababu unakupa silaha nyingi katika chombo kidogo. Ubaya wake ni kwamba topido iliyo nje hukaa katika maji ya chumvi safari nzima, na mara ukishazama huwezi kuigusa wala kuikagua. Tena kila kitu kinachotokeza nje ya bodi ni cha kunasa wavu.

Sasa tazama Bahari ya Adria, kati ya Italia na Balkani, ya mwaka 1914. Kazi ya kuwabana Waaustria na Wahungaria iliangukia Ufaransa, chini ya Admirali Boué de Lapeyrère. Admirali Anton Haus wa upande wa pili hakuwa mjinga. Alijua manowari zake ni chache, kwa hiyo akaziweka ndani ya bandari ya Pola, ambayo leo ni Pula nchini Kroatia, nyuma ya ngome, mabomu ya kutegwa na nyavu za chuma. Asingetoka kupigana vita vya kujimaliza. Wafaransa nao walikuwa hawana kwa kushikia. Italia haikuingia vitani mpaka Mei 1915, kwa hiyo bandari zake zilifungwa kwao, na kituo chao kikubwa kilikuwa Malta. Kutoka mlango wa bahari wa Otranto, pale Adria inapoanzia kusini, hadi Pola ni zaidi ya kilomita 600 nyingine, pwani ya adui ikiwa upande mmoja safari nzima. Walizunguka pale Otranto wiki baada ya wiki wakichoma makaa ya mawe, na adui hatoki.

Ndipo wazo la kutuma nyambizi ziingie bandarini likazaliwa. Mwisho wa Novemba nyambizi nyingine, Cugnot, ilijaribu kupenya kwa Waaustria, ikagunduliwa, ikafanikiwa kutoka. Waaustria wakawa wameshaonywa. Nasema hili kwa sababu mara nyingi watu humlaumu nahodha wa Curie kwa kilichofuata, na mimi sioni haki yake. Alipelekwa kwa adui ambaye wiki tatu kabla mwenzake alishamwamsha.

Nahodha huyo ni Luteni Gabriel O'Byrne. Kwa kuwa Pola ilikuwa mbali mno, Curie ilivutwa kwa kamba na manowari Jules Michelet sehemu kubwa ya njia, kisha ikaachiwa iende yenyewe. Desemba 20, 1914 O'Byrne alizama nje ya bandari akajaribu kupita vizuizi. Rafadha na usukani vikanasa kwenye nyavu za chuma. Akasukuma mbele, akarudi nyuma, akajaza matangi, akayamwaga, kwa saa kadhaa. Kila jaribio lilikula betri, na kumbuka hesabu ya betri niliyokupa: chombo hiki hakikuwa na akiba ya kushindana mieleka na wavu. Hewa ndani ikazidi kuwa chafu. Mwishowe hakuwa na namna ila kupanda juu ili watu wake wapate kutoka.

Walipojitokeza tu, mizinga ya pwani na meli mbili za Waaustria zikawafyatulia. Curie ikatobolewa ikazama. Watatu walikufa, mmoja wao Pierre Chailley, msaidizi wa nahodha. Waliobaki waliokotwa majini na kufanywa mateka. O'Byrne afya yake ilivunjika kifungoni, akaachiliwa akiwa mgonjwa, akafariki mwaka 1917. Baada ya vita Ufaransa iliwapa nyambizi mbili majina yao, O'Byrne na Pierre Chailley. Serikali haimpi heshima hiyo mtu aliyesalimisha chombo. Mwambie mwenzako hilo.

Kesho yake, Desemba 21, nyambizi ya Austria U-12 chini ya Egon Lerch ilimpiga topido Jean Bart, moja ya manowari mpya na kubwa kabisa za Ufaransa, karibu na Otranto. Haikuzama, ilijikokota hadi Malta ikafanyiwa matengenezo. Kuanzia hapo Wafaransa waliziondoa manowari kubwa wakazirudisha kusini, ulinzi wa Otranto wakaziachia kruza, manowari ndogo kuliko hizo. Kwa siku mbili hizo, nyambizi ya mvamizi ilikwama kwenye wavu kwa kumfuata adui nyumbani kwake, na nyambizi ya mvamiwa ikapata windo lililokuja lenyewe. Nashangaa ni wachache sana wanaoyasimulia matukio haya mawili pamoja.

Kwa nini Waaustria waliharakisha kuiopoa? Kwa sababu walikuwa fukara. Mwisho wa 1914 walikuwa na nyambizi 7 tu, zote ndogo. Wajerumani walikuja kuwaletea nyingine kwa reli, zimekatwa vipande na kuunganishwa upya Pola, lakini hizo nazo zilikuwa vijichombo vya tani 127. Curie ya tani 397, iliyozama mlangoni pao wenyewe, ilikuwa zawadi. Mwanzoni mwa Februari 1915 ilikuwa imeshapandishwa juu, na Juni mwaka huo ikaingia kazini kwa jina la U-14, ikiwa kubwa kuliko nyambizi zote walizokuwa nazo wakati huo. Namba 13 waliiruka, mabaharia ni mabaharia.

Oktoba 1915 akakabidhiwa Georg von Trapp, na ndiyo, ni yule yule ambaye baadaye yeye, mke wake wa pili na watoto wao walitoroka Austria ya Hitler mwaka 1938 wakawa waimbaji Marekani. Lakini miaka hiyo alikuwa afisa wa manowari aliyezaliwa Zara, kwenye pwani ya Dalmatia, na mkewe wa kwanza, Agathe Whitehead, alikuwa mjukuu wa Robert Whitehead, Mwingereza aliyetengeneza topido pale Fiume. Huwezi kumpata mtu aliyefungamana na silaha hiyo zaidi yake. Tena alishawatia Wafaransa msiba mkubwa: Aprili 27, 1915, akiwa na U-5, alizamisha usiku kruza yao Léon Gambetta karibu na Otranto, na watu 684 wakafa. Léon Gambetta ilikuwa kwenye ulinzi ule ule walioachiwa kruza baada ya Jean Bart kupigwa.

Hapa ndipo swali lako linapopata jibu. Watu husimulia kana kwamba Curie ilipofika kwa von Trapp ilianza mara moja kufanya maajabu. Siyo. Tangu Oktoba 1915 hadi Aprili 1917, chombo hicho, na nahodha huyo aliyeshazamisha kruza, hakikuzamisha hata meli moja. Februari 1916 kiliharibiwa na mabomu ya chini ya maji, kikaingia matengenezoni hadi Novemba. Ukitaka kusema Wafaransa walishindwa kwa uzembe, itabidi umwambie na von Trapp hivyo hivyo.

Kilichobadilika ni vitu viwili. Cha kwanza ni matengenezo yale. Waaustria waliibomoa nusu wakaijenga upya: mnara mpya, injini mpya, na zaidi ya yote matangi makubwa ya mafuta, yaliyoongeza umbali wa safari zake mara kadhaa. Zile maili 1,700 zilizomlazimu O'Byrne kuvutwa kwa kamba kama jahazi lisilo na tanga hazikuwa tatizo tena. U-14 sasa iliweza kutoka Adria, kupita Otranto, ikakaa wiki kadhaa katika Bahari ya Ionia na Mediterania ya katikati.

Cha pili, na kwangu ndicho kikubwa, ni windo. Februari 1917 Ujerumani ilitangaza vita vya nyambizi visivyo na mpaka, na Austria-Hungaria ikafuata. Nyambizi haikutumwa tena kupenya bandari yenye ngome ili kuua manowari iliyotia nanga nyuma ya nyavu. Ilitumwa kukaa njiani, mahali meli za mizigo zinapopita, ikangoja. Meli hizo hazikuwa na haraka, nyingi hazikuwa na ulinzi, na zilipita kila siku, kwa maana majeshi ya Washirika kule Thesaloniki, Misri na Italia hayawezi kula wala kupigana bila makaa, ngano na mafuta. Kazi hiyo haihitaji nyambizi ya ajabu, inahitaji yenye tumbo la mafuta na nahodha mvumilivu.

Matokeo yakaja haraka. Aprili 28, 1917 U-14 ilizamisha meli ya mafuta ya Waingereza, Teakwood. Zikafuata meli mbili za Wagiriki, Antonios Sifneos na Marionga Goulandris. Katika safari ya Agosti, ndani ya siku chache, zikazama Kilwinning, Titian na Nairn za Waingereza, na Agosti 29 ikazama Milazzo ya Waitalia, yenye tani zaidi ya 11,000, meli ya mizigo kubwa kuliko zote zilizozamishwa na nyambizi ya Austria-Hungaria katika vita nzima. Oktoba zikaja nne tena: Good Hope, Elsiston, Pera na Capo di Monte. Jumla 11, zote ndani ya miezi sita isiyotimia. Januari 1918 von Trapp aliondoka kwenda kusimamia kituo cha nyambizi cha Ghuba ya Cattaro, na baada yake U-14 haikuzamisha tena meli yoyote. Wapo wanaosema ni kwa sababu nahodha hodari aliondoka. Huenda kuna ukweli, ila mwaka 1918 meli za mizigo zilikwenda kwa misafara yenye ulinzi, na Otranto ilikuwa na vizuizi na meli za doria kuliko wakati wowote. Mimi sipendi kumpa mtu mmoja sifa ambayo hesabu ya meli, njia na mafuta inaieleza vizuri bila yeye.

Upande wa Wafaransa, nyambizi zao nyingine ziliendelea kuumia Adria. Monge ilizamishwa Desemba 1915 na nahodha wake, Roland Morillot, akazama nayo baada ya kuhakikisha watu wake wametoka. Foucault, pacha wa Curie katika aina ya Brumaire, ilizamishwa Septemba 15, 1916 na ndege za Austria, ikawa nyambizi ya kwanza kuzamishwa na ndege ikiwa safarini baharini. Marubani wakatua majini wakawaokoa mabaharia wote. Na Pola yenyewe? Ilikuja kupenywa Novemba 1, 1918, si na nyambizi, bali na Waitalia wawili, Rossetti na Paolucci, walioingia usiku wamepanda topido iliyogeuzwa chombo cha kubebea bomu, wakaizamisha manowari Viribus Unitis ikiwa kwenye nanga. Kazi iliyomshinda O'Byrne ilifanywa na watu wawili wenye nguo zilizolowa.

Austria-Hungaria ilipovunjika, U-14 iliangukia mikononi mwa Waitalia, na katikati ya 1919 wakaikabidhi kwa wenyewe. Wafaransa waliipa tena jina la Curie wakaitumia hadi 1928, ndipo ikastaafishwa na kuvunjwa kuwa chuma chakavu. Mwenzako ameliona hili kama jambo la ajabu, lakini fikiria mwenyewe: vita imekwisha, hazina haina kitu, na unarudishiwa nyambizi yako ikiwa na injini mpya na mafuta mara kadhaa ya ulivyoiacha. Kwa gharama ya mwingine. Ungeikataa?

Limebaki hilo la "pekee duniani". Aprili 1916 nyambizi ndogo ya Wajerumani, UB-26, ilikwenda kuvizia nje ya bandari ya Le Havre, kaskazini mwa Ufaransa. Ikanasa kwenye nyavu, ikapigwa, ikapanda juu, mabaharia wakatekwa. Wafaransa wakaiopoa, wakaitengeneza, wakaiingiza katika jeshi lao la majini. Jina waliloipa ni Roland Morillot, yule nahodha wa Monge.